Mgogo wa Shaba kutoka Mwankoko

Haya, kaeni niwaambie. Tangu nirudi mmenipigia simu, mmeniandikia kwenye grupu letu, na mmoja wenu, anajijua, amekuja mpaka dukani kwangu akajifanya anatafuta mnyororo wa baiskeli, kumbe anatafuta habari za Singida. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Leo nasimulia yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamuuzia huo mnyororo kwa lazima.

Kwa walioingia kwenye grupu juzi juzi: baba yangu ni Mgogo wa Kintinku aliyezeekea Morogoro. Kazi yake ilikuwa kukagua tiketi kwenye treni. Siku moja abiria alishuka akasahau kitini askari mdogo wa bati, urefu wa kidole cha kati, bunduki begani. Baba akamtia mfukoni akimsubiri mwenyewe arudi kuuliza. Mwenyewe hakurudi, na baba alikuwa ameshampenda. Kuanzia hapo kila robota la mitumba lililofunguliwa sokoni alilipekua, na kila msafiri aliyekwenda mbali alimwagiza. Ndivyo lilivyojaa lile kabati la vioo sebuleni kwetu: askari weusi wa Mjerumani na tarbushi zao, askari wa Keya wa enzi za Mwingereza na kaptula zao, Wazulu na ngao, Warumi, hata yule jemadari mfupi wa Kifaransa anayeficha mkono tumboni kama anaumwa. Baba alijua kila mmoja alipigana na nani, na kama alishindwa, alishindwa kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, na huu ugonjwa wa kukusanya askari nikaupatia hapo. Nyinyi mmeambukizwa na mimi, msijifanye.

Sasa presha ya macho imemfunga baba macho yote mawili, na tangu siku hiyo amefunga na mdomo. Anakaa kwenye kiti chake, anashukuru chakula, anashukuru maji ya kuoga, basi. Ukimwambia ashike askari wake anajibu, "Hivyo ni vitu vya kutazama, Seche. Tazama wewe." Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Baba yangu, mtu aliyekuwa akisimulia vita mpaka ugali unapoa!

Nikakumbuka kwamba miaka yote alikuwa na lalamiko moja: kabati limejaa majemadari wa watu, na babu yake hayumo. Babu Chilewa, aliyewaongoza Wagogo wa kwetu kwenye vita vya ng'ombe na Wanyaturu. Nikajiambia, nikimletea Babu Chilewa mwenyewe, mkono wa baba utanyooka bila kuombwa. Nikishindwa hapo, sina tena la kumfanyia. Safari yote ilikuwa ya hilo tu.

Kuna fundi mmoja wa Mwankoko, Singida, anaitwa Ntandu, anatengeneza askari wadogo wa shaba. Nikaongea naye kwenye simu, nikamweleza namtaka nani, akasema njoo. Mambo ya tiketi na maandalizi nawaruka, hayana utamu.

Morogoro mpaka Kintinku

Treni ya umeme sitaisimulia sana maana wengi mmeshaipanda. Ila niseme ukweli, nilivyoiona inateleza kuelekea Dodoma nilimwonea baba huruma. Angekuwa na macho yake angesimama dirishani njia nzima akaikosoa. Mimi nilikaa, nimefunga kwenye leso askari mmoja wa Keya, kipimo cha fundi, ili Babu Chilewa asije akatoka jitu likawazidi wenzake kabatini.

Dodoma nikapanda basi, nikashuka Kintinku kwa Shangazi Mbeleje, dada mkubwa wa baba. Nilimpitia kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyebaki aliyesimuliwa sura ya Babu Chilewa na watu waliomwona. Nikapiga goti, "Mbukwa, shangazi." Akaniitikia "Mbukwenyi," halafu akanipiga kibao cha bega. "Umekonda. Huko Morogoro mnakula maua?"

Nikaandaliwa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Jamani, ule mlenda! Nimekula mlenda wa mijini miaka yote nikidhani ninaujua. Huu ulikuwa unavutika, una karanga za kusaga, umetulia kabisa. Nililamba vidole mbele ya wajukuu bila haya.

Nilipomwambia shangazi anieleze Babu Chilewa alivyokuwa, hakueleza. Alichukua ufagio akaushika kama mkuki, akasimama katikati ya uwanja, kifua mbele. "Nywele ndefu, zimesukwa, zimepakwa udongo mwekundu na mafuta mpaka zinashuka shingoni. Masikio yametogwa yananing'inia. Ngao ya ngozi ya ng'ombe huku. Na begani ngozi ya mbuzi, pana, imeshuka nyuma mpaka mapajani. Hiyo ngozi usiisahau, Seche. Bila hiyo ngozi huyo siye." Yule bibi na miguu yake inayomsumbua, alisimama hivyo mpaka nikapata aibu ya kukaa. Nikampiga picha na ufagio wake nikamtumia fundi.

"Na fundi mwenyewe ni nani?" akauliza akikaa.

"Ni mzee mmoja wa Mwankoko. Mnyaturu."

Shangazi akanitazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaangusha ufagio, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaanza upya. "Umempelekea Mnyaturu! Chilewa! Umempeleka Chilewa kwa Mnyaturu!" Nikamuuliza kinachochekesha ni nini, hakunijibu. Mpaka napanda basi kesho yake alikuwa bado anapunga mkono huku anacheka, nami nimenuna.

Mlima wa Saranda

Ukitoka Kintinku bonde linaisha, barabara inapanda mlima kwenda Manyoni. Kwenye kona moja ya huo mlima lori la vitunguu lilikuwa limekatika ekseli, limelala katikati ya barabara, mbele magari, nyuma magari. Tukashuka. Konda akatuambia ni dakika chache tu, na kila mtu akajua maana yake akatafuta kivuli.

Nilikaa jirani na mzee wa Kisukuma, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye kofia pana na fimbo nzuri sana. Tukagawana alichokuwa nacho kila mtu, yeye viazi vitamu vya kuchemsha, mimi mayai. Nilipofungua leso nimwangalie askari wangu kama yuko salama, yule mzee akasogea pembeni kidogo.

"Mama, hiyo ni dawa?"

"Hapana mzee, ni askari."

"Askari wa kazi gani? Anatumwa?"

Nikaona hapa nikichelewa nitaachwa mlimani kama mchawi. Nikamwekea mkononi nikamwambia: huyu ni askari wa Keya, walivaa hivi, kaptula hizi, kofia hii, ndio waliokwenda Bama kupigana na Mjapani. Mzee akamwinua kwenye mwanga. Akamgeuza, akamsogeza machoni, akagusa ile kaptula kwa ncha ya ukucha.

"Babu yangu alikwenda Bama," akasema. "Alirudi na sikio moja halisikii. Picha yake hatuna. Kumbe alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivi, mzee."

Akasimama. Akaita abiria wote, "Njooni mumwone babu yangu!" Basi zima likaja. Askari wangu akapita mikono kwa mikono, na mimi roho juu juu, naona bunduki yake itavunjika na kipimo cha fundi kinapotea. Hakuna kilichovunjika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimfuta kwa khanga kabla ya kunirudishia, akasema amemtoa vumbi la vita. Niwaambieni, miaka yote mimi na nyinyi tunaonyeshana vitu vyetu kwenye simu na kusifiana, lakini sijawahi kuona askari mmoja anasifiwa vile. Lori liliposogezwa, mzee alinibebea mkoba mpaka kwenye basi.

Singida mjini

Tulipita Manyoni na Ikungi nikiwa nusu nimelala, nikaamka kwenye yale mawe makubwa ya Singida yaliyopandana juu ya nyumba za watu utadhani yamewekwa na mtu mwenye nguvu na haraka. Stendi nikampata kijana wa bodaboda, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua anakokwenda, "Nipeleke Mwankoko, kwa fundi wa askari."

"Fundi wa askari? Namjua vizuri. Panda, mama."

Nikafurahi, nikasema kweli huyu Ntandu ana jina. Tukapita pembeni ya ziwa Singidani, tukaingia kwenye mashamba ya alizeti, tukasimama kwenye banda lenye cherehani. Kijana akageuza pikipiki akaondoka. Ndani kulikuwa na mwanamume mpole, utepe wa kupimia shingoni, na nyuma yake mashati ya bluu yananing'inia.

"Karibu dada. Pole na safari. Simama hapa kwenye mwanga." Nikasimama. Akanizungushia utepe kiunoni. Nikajua labda anakadiria mfuko wa kubebea sanamu, sijui, uchovu ni kitu kibaya. "Nyoosha mkono. Vizuri. Umepangiwa lindo wapi, benki au shuleni?"

"Lindo gani, kaka? Mimi nataka askari mmoja tu. Ameshika mkuki."

Utepe ukasimama. "Mkuki? Ni kampuni gani hiyo inayolinda kwa mkuki?"

Tukatazamana. Kumbe yule baba ni fundi cherehani, anashona sare za walinzi wote wa mji ule, na kwa watu wa pale fundi wa askari ni yeye. Tulipoelewana alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Unamtafuta Ntandu wa vishaba!" Akaacha kazi yake, akanisindikiza kwa miguu kupitia katikati ya alizeti mpaka nikaliona paa la Ntandu. Kiuno changu anacho kwenye kumbukumbu zake hadi leo.

Kwa Ntandu

Ntandu ni mzee mrefu, mkavu, kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, mikono myeusi kwa moshi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiwe yule Mgogo?"

"Ndiye mimi."

"Umechelewa. Nilidhani umesimama njiani unahesabu ng'ombe wetu."

Macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye rafu yake. Mungu wangu! Niliweka mkoba chini. Walikuwapo wapagazi wa vita vya Mjerumani, mizigo kichwani, na mmoja amepinda shingo na unaiona kabisa ile shingo inavyouma. Alikuwapo askari wa tarbushi anayejifunga vitambaa vya miguuni. Alikuwapo yule mama wa Kinyaturu anayesimuliwa huko kwao, aliyewapelekea Wajerumani nyuki: ameinua mikono, na nyuki wenyewe ni punje za shaba kama mbegu za mchicha, kila moja imeshikiliwa na uzi mwembamba usiouona mpaka usogee. Nimeona askari wa viwandani wa kila nchi, wamepakwa rangi safi, lakini wale wamesimama tu. Wa Ntandu wana joto, wana njaa, wamechoka. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Basi kaa unywe chai, umesema vizuri."

Mkewe, Mama Salma, akaleta chai. Ntandu akaingia ndani akatoka na kigae, juu yake kasimama Babu Chilewa wa nta ya nyuki. Kazi yake inaanza kwenye nta, anafinyanga mtu mzima mzima, halafu ndipo shaba inafuata.

Kwanza niwaambie mazuri niliyoyaona. Nywele zilizosukwa, zipo. Masikio yanayoning'inia, yapo. Ngozi ya mbuzi ipo. Lakini Babu Chilewa anakimbia! Ngozi inapepea nyuma, mdomo wazi, macho yametoka, anageuka kutazama nani anamfuata. Ndala moja imemvuka. Mkuki ameutupa.

Damu ikanipanda. "Mzee, hiki ni nini?"

"Chilewa."

"Chilewa anakimbia?"

"Sasa mimi Mnyaturu nimtengeneze Mgogo amesimama? Watu wa hapa si wataniuliza kama nimerogwa?" Akasema hayo bila kutabasamu, anapuliza chai yake. "Mama, sisi na nyinyi tumegombania ng'ombe hapa mpaka tukachoka kuuana. Tulipochoka tukawa watani. Mtani wako humnyanyui, unamwangusha. Hata mimi siku nikifa, atakayekuja kunicheka kaburini ni Mgogo."

Utani naujua, jamani, msinione mshamba. Lakini nimekulia Morogoro, nilijua ni wa mdomo, wa misibani na harusini. Sikujua unaweza kuingia mpaka kwenye kazi ya mtu. Hapo ndipo nikaelewa kicheko cha Shangazi Mbeleje, nikazidi kukasirika. Nikasema maneno. Nikamwambia sikutoka Morogoro kuja kutukaniwa babu. Nikamwambia baba yangu amekaa gizani, haongei, hagusi kitu, na mimi nilitegemea huyu Chilewa amnyanyue, sasa nikampe nini, mtu anayekimbia? Mwisho wa maneno nikalia. Sikupanga kulia, ilitoka.

Mama Salma akaniletea maji. Ntandu akaweka kikombe chini. Aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine.

"Huko Morogoro, baba yako anataniwa na nani?"

"Hataniwi na mtu. Tunamheshimu. Majirani wanakuja kumpa pole, wa kanisani wanakuja kumwombea."

"Pole tu? Kila siku?"

"Tumwambie nini sasa, mzee? Haoni."

"Mmh." Akamgeukia Chilewa wa nta. "Kwa hiyo huyu atamtazama kwa vidole."

"Akikubali kumshika."

"Kwa vidole," akarudia, akimtazama mkewe. Kisha akamchukua Babu Chilewa, akamsogeza karibu na makaa, nta ikalegea. Kwa vidole gumba viwili akamnyoosha mgongo. Akamrudisha miguu chini, akamfunga mdomo, akamgeuza uso mbele. Akachukua kipande kingine cha nta akasokota mkuki, akamkabidhi. Mtu aliyekuwa anakimbia alisimama mbele yangu, kifua mbele, vile vile alivyosimama shangazi na ufagio wake.

"Ameridhika Mgogo?" akauliza.

Nikashika miguu yake kwa shukrani. Nikasema kimoyomoyo, huyu mzee ana utu kuliko nilivyodhani.

Shaba

Nililala kwa Ntandu mpaka kazi ikaisha, maana hakutaka kuharakishwa. Asubuhi ya kwanza alinifukuza. "Nenda jikoni kwa mama, kazi ya mgongo inataka utulivu." Nikaenda. Nilikuta kuku wa kienyeji anachemka, na kama hujala kuku wa Singida, kaa kimya mbele ya waliomla. Mchuzi mweupe, chumvi na kitunguu tu, na nyama inayotaka meno yako yote. Mama Salma alinifundisha kuumega ugali wa mtama bila kuuvunjavunja. Kila nikimsifu mumewe alikuwa anageuka kutazama sufuria.

Baadaye niliitwa kuona. Chilewa wa nta alikuwa ameshafunikwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, amekuwa donge lisilo na sura, lenye tundu moja. Likaingia motoni. Nta ikatiririka nje yote, harufu ya asali ikajaa uwanja mzima, na ndani ya donge pakabaki uwazi wenye umbo la mtu. Ntandu alikuwa anayeyusha makufuli mabovu na koki za mabomba, mivukuto inapumua, shaba inawaka rangi ya chungwa. Akaimimina kwenye lile tundu kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, na yule mzee ni mtu mzima kweli kweli. Akikosea hapo, Chilewa hayupo tena, maana nta imeshakwenda. Niliomba Mungu kwa dini zote mbili, ya nyumba ile na yangu.

Donge lilipopoa akalivunja kwa nyundo ndogo. Akatoka mtu mweusi, mchafu. Akamsugua kwa tupa, kwa mchanga, kwa majivu, mpaka akaanza kung'aa. Nikamweka jirani na Keya wangu, wakalingana mabega. Nilimgeuza huku na huku sioni kasoro, ila kwa nyuma, chini ya ile ngozi ya mbuzi, palikuwa na kitu kidogo kimechomoza.

"Hapa mzee bado tupa."

"Hapo acha. Hapo ndipo shaba ilipoingilia. Nikikata nitamharibu."

Nikamwamini. Nani atamfunua jemadari ngozi? Tukaagana vizuri sana. Mama Salma alinifungia kuku na mafuta ya alizeti, na Ntandu akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia nikifika nimpe baba amshike akiwa amekaa peke yake, watu wa pole wasiwepo.

Nyumbani

Nilirudi bila tukio, na lingekuwepo nisingeliona, maana safari nzima nilikuwa nimemshika Chilewa mapajani. Nilimkuta baba kwenye kiti chake. "Umerudi, Seche. Asante kwa kurudi." Asante! Baba yangu alikuwa anashukuru hata kurudi kwangu.

Nikawatoa watu wote. Nikamwambia, "Baba, nimekuja na mgeni wa Kintinku," nikamwekea shaba mapajani, nikarudi nyuma nikakaa sakafuni.

Mkono haukusogea. Nilikaa pale nasikia saa ya ukutani, nasema basi, imeshindikana. Halafu kidole kimoja kikagusa ncha ya mkuki, kwa bahati tu. Kikashuka kwenye mpini. Kikakuta vidole vya Chilewa. Ndipo mkono mzima ukaja, na wa pili ukafuata. Akapapasa nywele zilizosukwa, taratibu, akisogeza midomo. Akapapasa masikio yanayoning'inia. Akapapasa kifua.

"Ndiye," akasema. "Amesimama. Ndiye huyu, Seche."

Vidole vikapanda begani, vikashuka na ngozi ya mbuzi mgongoni, vikaingia chini yake. Vikasimama hapo. Vikarudi juu, vikashuka tena.

"Hiki nini?"

"Ni pale shaba ilipoingilia, baba. Fundi alisema hapakatiki."

"Shaba ilipoingilia?" Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. "Seche, hiki kitu kina manyoya."

"Manyoya?"

"Huu ni mshale." Kidole chake kilikuwa kinaufuata, sasa nikauona na mimi, mwembamba, manyoya yake yamechorwa moja moja. "Fundi wako ni kabila gani?"

"Mnyaturu, baba."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaruka, nikajua analia, nikajua nimemuua baba yangu kwa mikono yangu. Akainua uso. Alikuwa anacheka. Kwanza bila sauti, halafu sauti ikatoka, kubwa, ya zamani, mpaka majirani wakaja mlangoni na nyuso zao za pole wasijue wazipeleke wapi. "Amempiga mshale wa tako! Chilewa! Mbwa huyu wa Kinyaturu, ameficha mpaka mimi niukute mwenyewe!" Akakohoa, akajifuta machozi, akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Lete simu. Lete simu upesi, nimwambie babu zake walikuwa wanalala na mbuzi kwa kutuogopa!"

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Enhe," Ntandu akasema, "mzee ameshafika matakoni?"